Farasi wa Injini Hupimwaje?

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za nguvu za injini na namna watu wanavyozipima, nasi tutaanza na jambo lililotufikia mlangoni.

Walikuja chuoni kwetu wazee watatu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, nao wana karatasi mbili mkononi. Chama chao kimeweka akiba kwa misimu minne ili kinunue lori la kuchukulia kahawa, na wauzaji wawili wamewaletea habari za malori yaliyokwisha kutumika. Karatasi ya kwanza yasema lori lina nguvu za farasi 120; ya pili yasema farasi 98. Lori la farasi 120 ndilo la bei kubwa. Mzee mmoja akatuuliza, "Walimu wetu, farasi hawa 22 waliozidi twatakiwa kuwalipia fedha. Je, wako kweli? Ni nani aliyewahesabu?"

Swali hilo ni zuri sana, wala halijibiwi kwa neno moja. Aliyehesabu ni mtambo uitwao dinamomita, na dinamomita ni za namna nyingi; tena injini moja yaweza kupimwa leo katika mitambo miwili, ikatoa hesabu mbili, na hesabu zote mbili zikawa kweli.

Kwanza yafaa tumjue farasi mwenyewe. James Watt, fundi wa Uskoti, aliuza mitambo ya mvuke kwa watu waliozoea kutumia farasi kuzungusha vinu na pampu. Kila mnunuzi alitaka kujua mtambo utafanya kazi ya farasi wangapi. Basi katika miaka ya 1780 Watt aliweka kipimo ya kwamba farasi mmoja ni nguvu iwezayo kuinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Hakuna farasi awezaye kuinua mzigo huo kwa mara moja, maana ni zaidi ya tani 14. Lakini kuinua ratili 330 kwa futi 100 katika dakika ile ile ni kazi sawa, na hiyo yafahamika. Hivi leo vitabu vingi huandika kilowati mahali pa farasi, na farasi mmoja wa Watt ni wati 746 hivi. Naye Watt mwenyewe ndiye aliyepewa heshima ya jina hilo.

Twaona basi ya kwamba ndani ya neno hili "farasi" mna mambo mawili yaliyofungamana: nguvu ya kusukuma, na mwendo. Ng'ombe avutaye plau ana nguvu nyingi na mwendo mdogo. Injini ndogo ya pikipiki ina nguvu ndogo ya kuzungusha, lakini huzunguka mara elfu nyingi kwa dakika. Apimaye moja tu na kuliacha la pili hajapima kitu. Tena injini isiyo na mzigo haisemi siri yake. Kijana akanyagaye mafuta uwanjani, lori limesimama, huwapa watu kelele na moshi basi. Injini lazima ishikwe huku inazunguka, kama mtu anavyojulikana nguvu zake akiwa na gunia begani. Kazi ya kila dinamomita ni hiyo: kuishika injini isikimbie ovyo, na kuipima nguvu inayoshindana na mkono uliyoishika.

Mwaka 1821 mhandisi wa Kifaransa, Gaspard de Prony, alitengeneza chombo kilichokuwa baba wa vyombo vingi vya namna hii. Alichukua vipande viwili vya mti, akavibana kwa skrubu juu ya mhimili wa mtambo, na kwenye vipande hivyo akatia mkono mrefu wa mti. Mhimili ukizunguka husugua mbao na kutaka kuzichukua pamoja nao. Mkono nao hutaka kuzunguka, lakini mawe ya mizani yaliyotundikwa nchani huuzuia. Mkono unapotulia, haupandi wala haushuki, mtu husoma uzito wa mawe, huupiga kwa urefu wa duara ambalo ncha ya mkono ingelizunguka, kisha hupiga kwa mizunguko ya dakika moja. Hesabu imekwisha. Uzuri wa jambo hili ni kwamba hatuna haja ya kujua mbao zasugua kwa ukali gani. Ziwe kavu, ziwe na mafuta, mizani husema kweli ya dakika ile.

Sisi wenyewe tulijaribu breki inayofanana na hiyo, ila kwa kamba. Chuo chetu kilinunua injini ya dizeli iliyotumika, ya kusagia mahindi, yenye kibao cha chuma kisemacho farasi 6 kwa mizunguko 600 ya dakika. Ilipofungwa, ikasaga polepole mno. Wapishi walilalamika, halmashauri ikasema tumepunjwa, na barua kali ya kumshtaki muuzaji ikaandikwa. Mmoja wetu akaomba barua ikae siku moja kabla ya kupelekwa posta.

Tukavua mkanda wa kinu. Tulizungusha kamba nene mara moja juu ya gurudumu zito la injini, ambalo tulilipima kwa utepe wa fundi cherehani tukaona mzingo wake ni futi 6. Ncha moja ya kamba tuliifunga juu, kwenye mizani ya springi iliyoning'inia katika boriti. Ncha ya pili ilishika sanduku la mawe. Gurudumu lilizunguka upande wa kulivuta sanduku juu. Sanduku lenyewe tulilifunga chini kwa mnyororo uliolegea, maana kamba ikishika ghafula mawe yataruka, na twawasihi wanafunzi wanaotusikia wasithubutu jaribio hili bila fundi mzima kando yao. Mizunguko tuliisoma kwa kipima-mizunguko tulichoazima kwa fundi wa magari.

Tukaongeza mawe kidogo kidogo mpaka injini ikaanza kulemewa. Sanduku lilikuwa ratili 60, mizani ya juu ilisoma 5, na mizunguko ilikuwa 500. Mizani ilikuwa ikisaidia kuushika mzigo kwa ratili 5, kwa hiyo gurudumu lilikuwa likishika zile 55 zilizobaki. Wanafunzi wakapiga hesabu ubaoni: 55 mara 6 mara 500 ni 165,000; gawanya kwa 33,000, wapata farasi 5 kamili. Wenye kutaka mashtaka wakafurahi: farasi mmoja ameibwa! Lakini fundi yule aliitazama nambari ya mizunguko wala si ya farasi. Kila injini ya namna hii ina chombo kidogo kinachozuia mwendo usizidi, nacho mafundi hukiita gavana, kwa kuwa hutawala. Springi ya gavana ilikuwa imelegezwa na mtu fulani zamani. Akaikaza, na injini ikafika 600. Tukapima tena tukapata ratili 54 za kushikwa. 54 mara 6 mara 600 ni 194,400, yaani farasi 5 na karibu sehemu tisa za kumi. Kibao kilikuwa kimesema kweli. Injini haikuwa dhaifu, ilikuwa ikizunguka polepole tu. Barua ilichanwa, nasi tuliona haya kidogo, maana jina la muuzaji lilikuwa limekwisha kutajwa vibaya sokoni.

Katika jaribio lile tuliona pia udhaifu wa breki ya kamba. Haukupita muda mrefu kamba ikaanza kunuka moshi, wavulana wawili wakawa hawana kazi ila kuimwagia maji. Kazi ya injini haipotei. Ikizuiwa kwa msuguano hugeuka kuwa joto, yote pia. Kwa farasi 5 ndoo za maji zatosha. Injini ya lori yenye farasi 100, ikishikwa kwa nguvu zake zote, hutoa joto liwezalo kugeuza karibu madebe sita ya maji kuwa mvuke kwa saa moja. Kamba gani au ubao gani utastahimili joto hilo? Ukitaka kujua kwa nini watu walitengeneza dinamomita za namna nyingine, jibu ni hilo joto.

Mwingereza William Froude, aliyejulikana sana kwa elimu ya meli, alipata njia mwaka 1877 alipotaka kupima injini kubwa za meli. Alilifanya joto lizaliwe ndani ya maji yenyewe. Mtambo wake una gurudumu la chuma lenye vikombe pande zote, na gurudumu hilo huzunguka ndani ya kasha lenye vikombe vinavyolikabili. Maji hutiwa katikati. Gurudumu huyachota maji na kuyarusha katika vikombe vya kasha, kasha huyarudisha, kama watu wawili wanaorushiana maji kwa mabakuli bila kukoma. Hakuna kitu kinachosugua kitu. Kasha husukumwa likataka kuzunguka pia, lakini limekaa juu ya beringi na lina mkono unaokandamiza mizani. Hapo twamwona de Prony tena. Maji ya moto hutoka, ya baridi huingia. Froude hakuishi miaka mingi baada ya kazi hiyo. Alifariki mwaka 1879 huku kwetu Afrika, huko Simonstown, Afrika Kusini, akazikwa huko huko.

Breki ya maji ni imara, bei yake si kubwa kwa kadiri ya nguvu iwezazo kushika, na mpaka leo hupima injini kubwa za meli na za malori. Lakini mwendo ukipungua nusu, mkono wa maji hulegea mpaka robo. Kwa hiyo haifai sana kwa injini inayojikokota polepole. Tena mtu akitaka kubadili mzigo ghafula, maji hayana haraka. Yataka kujaa na kupungua.

Baadaye watu walitumia sumaku. Mfaransa Léon Foucault alionyesha mwaka 1855 ya kwamba sahani ya shaba ikizungushwa kati ya ncha za sumaku huwa nzito kuzunguka, tena hupata moto, ingawa sumaku haiigusi. Sababu yake ni mikondo ya umeme inayozaliwa ndani ya madini yenyewe, ikizunguka mle mle kama maji ya kizingia. Mtambo wa kupimia wa namna hii una gurudumu la chuma linalozunguka kati ya sumaku za umeme, na mpimaji huongeza au hupunguza mzigo kwa kuongeza au kupunguza umeme katika nyaya. Huitika upesi ajabu, ndiyo maana karakana nyingi za magari huupenda. Wengine wenu mmepata kupanda mabasi yanayoshuka milimani kwa kushikwa na breki ya namna hii hii, bila dereva kuunguza breki za magurudumu. Kasoro yake ni kwamba gurudumu lisilozunguka halishikwi kabisa, na joto lote hubaki katika chuma. Kisipopozwa vema kwa hewa au kwa maji, chuma hupinda.

Iko namna ya tatu, iliyo bora na ya gharama kubwa. Injini hufungwa kwenye jenereta ambayo kasha lake limeachwa huru juu ya beringi, na mkono wake umewekwa mizani. Injini ikizungusha jenereta, umeme hutoka, na mahali penye matengenezo mazuri umeme huo hurudishwa kutumika, usiwe joto la bure. Tena mtambo huu waweza kugeuzwa ukawa mota, ukaizungusha injini iliyozimwa. Kwa njia hiyo mpimaji hujua injini yenyewe hula nguvu kiasi gani katika misuguano yake ya ndani, jambo ambalo breki ya maji na ya sumaku haziwezi kulisema.

Yote tuliyotaja hutaka injini itolewe katika gari na kufungwa mezani. Nani atalitoa injini lori la mtu ili apime tu? Basi karakana huweka rola sakafuni, gari likapandishwa, likafungwa kwa minyororo, na magurudumu yake yakazungusha rola. Hapo hesabu hubadilika, wala watu wengi hawaambiwi. Kabla nguvu haijafika kwenye rola imekwisha kupita katika giaboksi, katika difu, na katika tairi zinazojikunja na kupata moto, na kila mmoja hutoza ushuru wake. Kwa kawaida hupotea sehemu ya kumi mpaka sehemu ya tano ya nguvu, na pengine zaidi. Tairi zisizojaa upepo huongeza hasara, na tairi ikiteleza juu ya rola kipimo huharibika.

Rola nazo ni za namna mbili. Nyingine hushikwa na breki ya maji au ya sumaku. Nyingine hazishikwi na kitu. Ni pipa zito la chuma ambalo uzito wake wajulikana. Dereva hukanyaga mafuta mpaka mwisho, na mashine huangalia pipa limeongeza mwendo kwa upesi gani, ikapiga hesabu ya nguvu. Ni kama kumjua mtu nguvu zake kwa kutazama alivyolizungusha jiwe kubwa la kunolea, limetulia, mpaka likaenda mbio. Njia hii ni rahisi na matokeo yake hufanana kila mara ipimwapo gari ile ile. Lakini kipimo huisha kwa muda mfupi sana. Lori lipandalo mlima na tani saba mgongoni hufanya kazi ile kwa nusu saa, rejeta ikichemka. Pipa halitakuambia kitu juu ya nusu saa hiyo. Kwa gari la mashindano twalisifu pipa. Kwa lori la kahawa twataka breki.

Sasa turudi kwenye karatasi za wauzaji. Huko Uingereza tangu mwaka 1910 motokaa zilihesabiwa farasi kwa ajili ya kodi bila kupimwa hata kidogo: walichukua upana wa silinda kwa inchi, wakauzidisha kwa wenyewe, wakapiga kwa hesabu ya silinda, wakagawa kwa 2.5. Motokaa iliyoitwa Austin Seven, iliyotoka mwaka 1922, iliitwa "saba" kwa sababu hiyo, ingawa injini yake ilitoa farasi 10 hivi. Watengenezaji wakafanya silinda nyembamba na ndefu ili kodi iwe ndogo. Desturi hiyo ya kodi ilikwisha baada ya mwaka 1946.

Huko Marekani kosa lilikwenda upande wa pili. Mpaka mwaka 1971 viwanda vilitangaza nguvu ya injini iliyopimwa mezani ikiwa uchi, bila feni, bila bomba lake la moshi la kawaida, bila vifaa vinavyoilemea ndani ya gari. Tangu 1972 wakatangaza nguvu ya injini iliyovaa vifaa vyake vyote. Tazameni Cadillac Eldorado: mwaka 1971 ilitangazwa farasi 365, na mwaka 1972, kwa injini ya ukubwa ule ule wa lita 8.2, farasi 235. Farasi wengi wale hawakufa kwa usiku mmoja. Walikuwa wa karatasi.

Tena liko jambo la hewa, nalo latuhusu sisi tukaao nchi za juu. Injini huunguza mafuta kwa hewa, na hewa ya milimani ni nyepesi. Injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza karibu sehemu 3 katika 100 kwa kila futi 1,000 za kupanda. Lori litoalo farasi 100 Mombasa halitoi zaidi ya 84 au 85 likifika Nairobi, penye futi kama 5,500, ingawa halina ugonjwa wowote. Wapimaji wengi hulisahihisha jambo hili kwa hesabu, wakaandika nguvu ambayo injini ingeitoa pwani. Si udanganyifu, mradi waseme.

Tuliwaeleza wazee haya yote kwa chai ya alasiri, kisha tukawasaidia kuandika barua mbili zinazofanana. Waliuliza: nguvu zilipimwa penye injini au penye magurudumu? Injini ilikuwa na feni na vifaa vyake vyote? Nambari imesahihishwa kwa hewa ya pwani? Muuzaji wa lori la farasi 98 alijibu baada ya juma moja, akatia ndani ya barua karatasi ya karakana: lori limepimwa juu ya rola, likashikwa kwa breki ya umeme dakika 10 mfululizo, katika mji wa nchi za juu, wala nambari haikusahihishwa. Muuzaji wa farasi 120 alijibu ya kwamba nambari yake ameitoa katika kitabu cha kiwanda, na lori lenyewe halijapata kupimwa tangu lilipotoka melini. Wazee wamempigia tena, wakamwomba alipandishe juu ya rola zile zile, nao watalipa gharama. Mpaka tunapozungumza nanyi hajasema ndiyo wala la.